Kumzika Zvidzai Saa ya Chai

Mabango yote ya kukataza sigara yaliyobandikwa madukani hapa Rusape, Zimbabwe, yalichapwa na mtu mmoja, na wakati anayachapa alikuwa na sigara mdomoni. Mtu huyo ni Zvidzai Mukwindidza, mtani wangu. Aliyapanga mwenyewe, akachagua wino mwekundu, akachora sigara na mstari mnene unaoikata katikati, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake huku majivu yakimdondokea viatuni. Aliporidhika alibandika bango moja juu ya mtambo wake, hapo hapo anaposimama kutwa nzima, akawasha nyingine.

Nilimuuliza kama haoni haya.

"Hilo ni la wateja, Samanyanga," akanijibu. "Mimi ni mteja hapa?"

Ndivyo alivyo. Ukoo wao ni wa nyani, kwa hiyo tunamwita Mukanya. Wetu ni wa tembo, kwa hiyo ananiita Samanyanga, mwenye pembe, ingawa kinywani mwangu yamebaki meno manne. Babu zetu walifunga utani kabla ya reli kufika huku, nasi tumeurithi. Naweza kuingia jikoni kwake nikafunua chungu nikala nyama bila kumuuliza mtu. Naweza kumwambia mbele ya mkewe kwamba ana miguu mibaya. Hana ruhusa ya kununa, na akinuna anatoa mbuzi. Ameshatoa wawili. Mimi nimetoa mmoja tu, na siku hiyo nilionewa.

Kiwanda chenyewe kiko nyuma ya soko, nyumba moja ndefu ya bati. Kina mitambo miwili ya kuchapa, mashine ya kukata karatasi, na meza ndefu ambapo akina mama wanakunja na kushona. Wanachapa madaftari, vitabu vya nyimbo za kanisa, kadi za harusi, na ratiba za mazishi, ambazo hazikosi wateja. Kilikuwa cha Gideoni, kaka yake Zvidzai. Gideoni alifariki binti yake, Nyaradzo, akiwa na miaka kumi na tano. Zvidzai alimchukua mtoto akamlea, akakiendesha kiwanda miaka minane, na wiki ile binti alipomaliza chuo alimkabidhi funguo zote mbele ya wafanyakazi, akarudi kusimama kwenye mtambo wake kama kibarua mwingine yeyote. Ninawajua baba wadogo wengi katika wilaya hii waliopewa funguo za yatima. Aliyezirudisha ninamjua huyo mmoja.

Basi leo Nyaradzo ndiye mwajiri, na baba yake mdogo ni mfanyakazi wake. Lakini kwetu mtu hamkemei baba yake mdogo, hata kama ndiye anayemlipa mshahara. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Nyaradzo alikuja kwangu Jumanne asubuhi, nikiwa bustanini napalilia mboga. Alikuwa amevaa sketi yake ya kazini na kwapani amebana jogoo mzima, mwekundu, mwenye hasira. Nikajua nina kazi. Mtu wa ukoo wa nyani haji kwa tembo na jogoo kwa ajili ya kusalimia.

"Nani amekufa?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyekufa, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kama hakuna aliyekufa, huyo jogoo anatafuta nini hapa?"

"Mpokee kwanza, nitakueleza."

"Nikimpokea nimeshakubali. Unaniona mtoto?"

Alikaa kwenye kigogo cha kupasulia kuni, jogoo bado yuko kwapani, akanieleza. Ijumaa iliyopita afisa wa afya aliingia kiwandani bila taarifa. Alikuta vipande vya sigara ndani ya kopo la wino. Alikuta harufu. Alimkuta Mama Munashe, yule mama mwembamba anayeshona madaftari, amejishikiza mezani anakohoa. Alisimama chini ya bango jekundu, akalisoma, akatazama lile kopo, kisha akauliza swali moja tu: mwajiri ni nani?

"Anauliza mwajiri wa nini, wakati anayevuta ni Zvidzai?" nikasema.

"Sheria ndivyo ilivyo, baba. Mahali pa kazi penye paa na kuta, mwenye kazi ndiye anayetakiwa kuhakikisha havuti mtu. Niweke bango. Niondoe makopo ya majivu. Mtu akiwasha, nimwambie azime, na akikataa nimtoe nje. Nisipofanya hivyo, wa kuulizwa ni mimi. Na mfanyakazi akilalamika siruhusiwi kumfukuza kwa sababu hiyo."

"Bango unalo. Tena zuri."

"Baba, tafadhali. Anarudi Ijumaa hii."

Nikaacha utani. Nikamuuliza habari za Mama Munashe, maana nilikuwa nimemwona kanisani anatoka nje kila baada ya wimbo.

"Ana pumu," Nyaradzo akasema. "Moshi ukimwingia, kifua kinafunga. Ameniambia mwisho wa mwezi anaacha kazi. Na unajua kwa nini hajasema lolote? Kwa sababu baba mdogo anamletea dawa."

"Dawa gani?"

"Majani ya mkaratusi. Kila Jumatatu anamletea fungu, anamwambia ajifukize, mafua yatakwisha. Anamkabidhi sigara ikiwa mdomoni. Mama Munashe anapiga magoti anapokea, anashukuru, halafu anakwenda nyuma ya ghala kukohoa."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nyaradzo hakucheka. Alinieleza jinsi alivyojaribu kuzunguka. Alihamisha meza ya Mama Munashe akaiweka dirishani, mbali na mtambo. Zvidzai alipofika asubuhi aliona mama mgonjwa amewekwa kwenye upepo, akaona huo ni uonevu, akaibeba ile meza mwenyewe akairudisha karibu naye, penye joto. Nyaradzo akamnunulia baba yake mdogo pakiti za pipi, kwamba labda zitamshughulisha mdomo. Zvidzai akazigawa kwa akina mama.

"Basi mwambie," nikasema.

"Nimwambieje? Nisimame mbele yake niseme, baba, zima?" Alitazama chini, akawa anamchezea jogoo manyoya. "Nikimwambia kama mwajiri, hatagomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Atasema, sawa mama. Atavaa koti lake na kwenda nyumbani, na hatarudi. Nitakuwa nimemfukuza mtu aliyenirudishia funguo. Na nisipomwambia, nampoteza Mama Munashe, halafu naitwa kujibu. Mimi nifanye nini, baba? Niambie wewe."

Niliona machozi, na machozi ya yule binti siyawezi tangu akiwa mdogo. Nikapandwa na hasira kidogo, maana hasira ni rahisi zaidi.

"Nyie watu wa nyani mna tabia mbaya sana," nikamwambia. "Mahindi mkiyaiba mnakula wenyewe. Mkikwama mtini mnaita tembo. Lete huyo jogoo."

Mke wangu, Esinati, alikuwa mlangoni anamenya boga na alisikia kila kitu. "Utamfanya nini Mukanya wa watu?" akaniuliza.

"Nitamzika."

"Mzike vizuri," akasema, akaendelea na boga lake.

Hiyo ndiyo kazi kubwa ya mtani kwetu. Mtu akifa, ndugu wanalia, lakini anayeingia kaburini kulipima na anayesema yasiyosemeka ni mtani. Na kabla ya udongo, mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaongea kama marehemu, anawakumbusha watu ubahili wake na ulevi wake mpaka wacheke huku wanalia. Mimi na Zvidzai tumejua tangu ujana kwamba mmoja atamfanyia mwenzake hayo, na tumekuwa tukitishiana kwa miaka hamsini. Sikuwahi kusikia mtu aliyezikwa kabla ya kufa. Lakini sikusikia pia kwamba imekatazwa.

Alhamisi saa nne kasoro nilichukua jembe, blanketi, na mkebe wa udongo kutoka kwenye matuta yangu, nikaenda mjini. Saa nne ndiyo saa yao ya chai. Nilipofika langoni nikaanza kulia kwa sauti ya msiba, ile ya kweli, mikono kichwani. Akina mama wakainuka mezani wote kwa pamoja. Nyaradzo alitoka ofisini, akaniona, akajua, akajifunga kanga kiunoni.

"Nani, baba, nani?" akina mama wakauliza.

"Zvidzai Mukwindidza," nikasema. "Ametuacha."

Zvidzai alikuwa amekaa kwenye robota la karatasi, kikombe mkono huu, sigara mkono huu. Sigara zake anazisokota mwenyewe, tumbaku ya shamba la shemeji yake ndani ya vipande vya karatasi nyembamba vinavyobaki vitabu vya nyimbo vikikatwa. Wakati mwingine unaona nusu ya ubeti ikiungua.

"Nimekufa lini?" akauliza.

"Leo asubuhi. Kaa kimya, maiti haongei."

"Nilikuwa naumwa?"

"Hukuwa unaumwa. Ulikuwa mbishi."

Kicheko kikaanza pale mezani. Nikatandika blanketi juu ya marobota mawili, nikalipiga piga kama jeneza. Nikachukua koti lake la kazi kutoka msumarini, lile lenye wino wa miaka ishirini mfukoni, nikalivaa. Kofia yake nikamvua kichwani mwenyewe. Nikasokota kipande cha karatasi tupu, nikakipachika pembeni ya mdomo.

Nisijisifu, lakini kazi hiyo naijua. Nilitembea kama yeye, mgongo umeinama, matako nyuma, mikono inaning'inia. Nikausogelea mtambo nikaupapasa. "Umeamkaje, mama? Mbona leo unaguna? Mafuta nilikupa jana." Nikatema vipande vya tumbaku kulia na kushoto. Nikajifanya nabandika bango ukutani, nikasoma kwa sauti yake nzito, "Usivute sigara humu," nikapuliza moshi wa uongo juu yake, nikasema, "Vizuri sana, wateja watatii." Mama mmoja alishuka chini ya meza kwa kucheka. Zvidzai mwenyewe alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, akanirekebisha.

"Sishiki hivyo. Nashika kwa vidole viwili vya mwisho."

"Maiti, nimesema."

Kisha nikaingia penyewe. Nilichukua mabaki ya karatasi, nikayafanya fungu la majani, nikaenda mpaka kwa Mama Munashe. Nikamwinamia, kile kisigara cha uongo karibu kabisa na uso wake.

"Shika, dada," nikasema kwa sauti ya Zvidzai, ile sauti yake ya upole. "Jifukize. Mafua haya yatakwisha. Sijui yanatoka wapi." Nikapuliza. "Jumatatu nitakuletea mengine." Nikapuliza tena.

Mama Munashe hakucheka. Alishika ukingo wa meza akatazama mikono yake. Wengine waliocheka waliacha mmoja mmoja. Sikumtazama Zvidzai. Mtani hatakiwi kumtazama.

Ulibaki udongo. Nilirudi kwenye yale marobota, nikafungua mkebe, nikatia mkono. Hapo mtani anasema maneno yake ya mwisho: Mukanya, nenda, ulikuwa mwizi wa mahindi lakini tulikupenda, wasalimie waliotangulia. Ninayajua toka utotoni. Niliyasema kwa Gideoni, kaka yake. Gideoni naye alisimama pale pale penye ule mtambo na sigara yake miaka ishirini, na mwishoni kifua chake kilikuwa kinasikika kabla hajaingia mlangoni. Siku ya maziko yake niliigiza kikohozi chake vizuri mno, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilisifiwa wilaya nzima. Sijawahi kumwambia mtu, hata Esinati, kwamba baadaye nilikwenda nyuma ya zizi nikalia peke yangu, kwa sababu kile kikohozi nilikifahamu hivyo kwa kukisikia, na nilikuwa nimekisikia miaka mingi bila kusema chochote. Mimi, ambaye nina ruhusa ya kusema lolote.

Udongo ulikuwa mkononi na maneno hayakutoka. Nilijaribu. Nikasema, "Mukanya," nikanyamaza. Mtambo wa pili ulikuwa bado unazunguka na hakuna aliyekwenda kuuzima.

"Zvidzai," nikasema. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwita jina lake. "Kukuzika najua. Mwendo wako nimeushika, sauti nimeishika, kila kitu kiko tayari. Ila sitaki. Kaka yako nilimzika, inatosha. Sitaki hii kazi."

Nikaurudisha udongo kwenye mkebe. Nilikuwa nimeharibu, maana mtani halii, na niliona aibu kusimama pale na koti la mtu mwingine pua inanitiririka.

Zvidzai aliweka kikombe chini. Aliinuka akaenda kuuzima mtambo. Kisha akaenda mpaka kwa Mama Munashe, akasimama upande wa pili wa meza, sigara ameishikilia nyuma ya mgongo.

"Mama Munashe. Ni mimi?"

Mama Munashe alitazama chini. Kumjibu mzee jibu la namna ile si jambo dogo. "Ni moshi, babu," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Na majani?"

"Majani yananisaidia, babu. Nikiwa nyumbani."

Zvidzai alitikisa kichwa mara kadhaa, akatoka nje. Mlango hakuubamiza. Nyaradzo alinitazama mimi, nami nikamtazama yeye. Neno la mtani halichukiwi, hiyo ni sheria ya zamani kuliko ya afisa wa afya, lakini hakuna sheria inayomzuia mtu kwenda kwake. Koti lake nilikuwa nimelivaa mimi, kwa hiyo hatukuwa na namna ya kujua kama ametoka kidogo au ametoka moja kwa moja. Chai ilipoa. Nyaradzo alikaa kwenye kiti cha Mama Munashe na uso wake ulikuwa mbaya.

"Amekwenda," akasema. "Nilijua."

"Subiri," nikasema, lakini nami niliamini amekwenda.

Nikasogea mlangoni. Alikuwa nje, ameanzia mlangoni anaelekea kwenye ua wa fito, anapiga hatua ndefu na anahesabu kwa mdomo. Aliufikia ua, akasimama, akageuka akatazama kiwanda, kisha akarudi.

"Hatua thelathini na moja kutoka mlangoni mpaka kwenye ua," akasema alipoingia. Sigara hakuwa nayo tena. "Hiyo sheria yenu inataka ngapi?"

"Sheria ipi, baba?" Nyaradzo akauliza.

"Usinifiche. Huyu tembo hawezi kutunga hayo yote kwa kichwa chake. Kuna karatasi. Isome."

Nyaradzo alileta karatasi ya afisa, akaisoma yote polepole. Mahali pa kazi palipofungwa. Wajibu wa mwajiri. Bango, vyombo vya majivu, kumtaka anayevuta azime, kumtoa nje akikataa. Adhabu kwa mwajiri asiyetimiza. Zvidzai alisikiliza amekaa juu ya jeneza lake mwenyewe.

"Rudia hapo kwenye adhabu."

Akarudia.

"Kwa hiyo ungeitwa wewe."

"Ndiyo, baba."

"Mimi nimesimama hapa nachapa na kuvuta, na mwanangu anaitwa kwenda kujibu."

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

Nyaradzo alikunja ile karatasi. "Wewe ni baba yangu," akasema.

Zvidzai alinigeukia. "Na wewe ulijua tangu lini?"

"Jumanne."

"Jumanne mpaka leo ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula jogoo."

Aliguna. Nadhani alitaka kucheka na akakataa. Alipapasa vidole vyake vyenye wino, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu wa umri wake.

"Nyaradzo. Simama uniambie."

"Nikuambie nini, baba?"

"Kilichoandikwa. Kesho yule bwana anakuja, atakuuliza, umewaambia wafanyakazi wako? Utasema nini? Utasema mtani ameniambia? Niambie wewe. Siendi popote. Nimekaa hapa."

Nyaradzo alisimama. Mikono yake ilitaka kujikunja pamoja kama inavyokunjwa mbele ya mzee, akaishusha.

"Baba mdogo," akasema, "humu ndani havutwi sigara."

"Na mtu akiwasha?"

"Nitamwambia azime."

"Akikataa?"

"Atatoka."

"Hata mimi?"

Mama Munashe alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kitambaa chake.

"Hata wewe, baba."

"Vizuri," Zvidzai akasema. "Umesema kwa sauti ndogo, lakini umesema. Baba yako angekuwa bado yupo hapa, labda naye ungemwambia hivyo, na mimi ningemwambia. Tulimwonea haya wote." Akainuka, akanipigia vidole. "Vua koti langu. Kanisa linataka vitabu mia mbili kabla ya Jumapili, na wewe umenipotezea asubuhi."

Nikalivua. Alilivaa, akawasha mtambo, akauambia neno nisilolisikia. Kisha akaenda kuibeba ile meza ya Mama Munashe, peke yake, akaiweka dirishani.

Ijumaa afisa wa afya alipofika, Zvidzai ndiye aliyempokea mlangoni. Alimzungusha kila pembe, akamfungulia makopo yote ya wino anuse, akamwonyesha uani hatua thelathini na moja. Yule bwana aliandika, akatia sahihi, akaomba bango moja la ofisini kwake. Mama Munashe hakuacha kazi. Kifua chake hakikupona kwa siku moja, kilichukua wiki kadhaa, lakini siku hizi anaimba nyimbo anazozishona, na anaimba vibaya, na hakuna anayemlalamikia. Nyaradzo anawaamkia wafanyakazi kila asubuhi kwa sauti nzito kidogo kuliko zamani. Nimeipenda.

Zvidzai aliendelea kuvuta uani. Mvua ilipoanza alisimama pale na mwavuli, akaja kuninung'unikia kwamba kumbe utamu haukuwa kwenye tumbaku, ulikuwa kwenye kuvuta huku unapiga soga na mtambo unazunguka. Peke yako penye ua, na mbuzi wa jirani wanakutazama, ni kazi tu. Kutoka sigara kumi akashuka nne, kutoka nne mbili. Matunda ya porini yalipoanza kuuzwa pembeni mwa barabara ya Mutare alikuwa hasogelei ua kabisa. Hajatangaza kwamba ameacha. Anasema bado anafikiria.

Jumapili iliyopita alikuja bustanini kwangu. Kutoka kwake mpaka kwangu ni mlima, na zamani alikuwa anasimama mara tatu. Nilimwona akipanda mfululizo, tena anapiga mluzi. Mimi ndiye niliyesimama katikati ya matuta, nimeliegemea jembe, natafuta pumzi. Nina miaka sabini na mitatu na magoti ya mtu aliyebeba mataruma ya reli. Hakunisalimia. Alikaa kwenye kigogo akanitazama nikitoka tuta moja kwenda jingine.

"Unatazama nini?" nikamuuliza.

"Unaburuza mguu. Ni wa kushoto au wa kulia?"

"Unatakia nini?"

"Naona kama kazi itakuwa yangu," akasema. "Nisije nikakosea mbele za watu."

Tukatazamana. Kisha akainuka, akajipinda, akaanza kutembea kando ya mboga zangu kama tembo mzee. Alikosea kila kitu. Mabega yalikuwa ya mtu mwingine, kichwa kilikuwa juu mno, mguu aliouburuza haukuwa wenyewe. Asingecheka hata mtoto. Nilimwangalia anavyohangaika, na moyo wangu ulijaa.

"Si hivyo, wewe nyani," nikamwambia. Nikaliweka jembe chini, nikasimama mbele yake ili anione vizuri. "Tazama. Unaanza na huu."